Umeme wa jua tunao, elimu ianzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu katika jumuiya ndogo ya kaya zisizofika tisini. Miaka mitatu iliyopita shule yetu ilifungiwa umeme wa jua: paneli mbili za wati 200, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200, kidhibiti chaji (kinachosimamia uchaji wa betri) na inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230). Mwanzoni umeme ulitosha mpaka watu walipokwenda kulala, na wanakijiji walikuja kuchaji simu bila shida. Sasa unakatika kabla ya saa tatu usiku, na fundi aliyeufunga yuko mbali. Kamati imeniomba niandae mafunzo ya umeme wa jua na nishati jadidifu kwa jumuiya nzima. Nianzie wapi, nimfundishe nani, na nifundishe nini?

Jibu: Mwalimu, usianze na semina, anza na inveta. Jioni ya leo nenda ilipofungwa, usome kwenye kibandiko au kitabu chake inakula wati ngapi ikiwa imewashwa tu, bila kifaa chochote. Inveta nyingi za ukubwa unaotosha shule hula wati 10 hadi 20 zikiwa zimekaa bure. Tuseme yenu inakula 15. Ikiachwa usiku na mchana, kwa saa 24 imekula wati-saa 360, yaani wati mara saa. Sasa hesabu taa: taa kumi za LED za wati 9, zikiwaka saa nne, zinakula wati-saa 360 hizo hizo. Kwa hiyo kila siku mnawasha taa kumi nyingine ambazo hakuna anayeziona wala kusoma kwa mwanga wake.

Nimeanza hapo kwa sababu hesabu hiyo fupi ndiyo somo la kwanza lenyewe. Katika jumuiya ndogo, kinachoua mtambo mara nyingi si paneli. Paneli iliyofungwa vizuri hudumu miaka 25 na zaidi, na haidai mengi kuliko kufutwa vumbi na kuepushwa na kivuli. Kinachoua ni mambo mawili: matumizi yanayoongezeka kidogo kidogo bila mtu kuyahesabu, na betri inayochakaa huku hakuna aliyeiwekea akiba. Yote mawili yanatokana na watu, na yote mawili yanafundishika. Ndiyo maana nakushauri elimu ya jumuiya nzima uijenge juu ya swali moja: kwa siku tunapata umeme kiasi gani, na unakwenda wapi?

Tupige hesabu ya mtambo wenu. Paneli mbili za wati 200 ni wati 400, lakini hiyo ni namba ya kiwandani, iliyopimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba huku seli, vile vipande vinavyounda paneli, zikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Juu ya paa, mchana wa jua kali, seli hufika nyuzi 60 au 65. Paneli za silikoni hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo kwa nyuzi 65 zimeshaondoka asilimia 12 hadi 16. Hili lifundishe mapema, maana watu wengi huamini kwamba siku ya joto kali ndiyo siku ya umeme mwingi. Kinacholeta umeme ni mwanga. Joto huupunguza, na ndiyo sababu paneli huachiwa nafasi chini yake hewa ipite badala ya kulazwa juu ya bati.

Mahali penye jua zuri, mwanga wa siku nzima ukikusanywa pamoja ni sawa na saa tano hivi za jua kamili. Wati 400 mara saa tano ni wati-saa 2,000. Toa joto, vumbi, unaopotea kwenye waya, unaopotea ndani ya betri na ndani ya inveta. Kwa kawaida theluthi hivi huenda na maji. Mnabaki na wati-saa 1,300 za kutumia kwa siku nzuri. Siku za mawingu mazito namba hiyo hushuka hata chini ya nusu. Betri nayo, volti 12 mara ampea-saa 200, ni wati-saa 2,400, ila betri ya risasi na tindikali haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, kwa hiyo ya kutumia usiku ni 1,200 tu. Anayeifyonza hadi mwisho kila usiku anaifupishia maisha vibaya sana.

Sasa matumizi. Sijui vifaa vyenu vyote, kwa hiyo haya ni makisio; weka namba zenu. Taa, 360. Simu 15 kwa siku, kila moja kama wati-saa 20 ukijumlisha na upotevu, 300. Kompyuta mpakato moja ya wati 50 kwa saa nne, 200. Inveta isiyozimwa, 360. Jumla ni 1,220. Umeona? Mtambo ulikuwa ukingoni tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyejua kwa sababu betri ilikuwa mpya na ilivumilia. Kisha ikaja televisheni, simu zikawa arobaini, na siku moja mtu akaleta pasi. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa tu imekula wati-saa 500, ambazo zingechaji simu 25.

Hesabu hii usiiandike ubaoni kisha ukaisoma, maana nusu ya watu watakuwa wamekwisha kuondoka akilini kabla hujafika kwenye betri. Ifanye kwa mawe. Waite watu, wafanye duara, weka katikati kokoto 130, kila kokoto ni wati-saa 10. Hizo ndizo siku yetu yote. Kila kifaa kiwakilishwe na mtu aliyekishika au aliyekichora kwenye karatasi, na kila mmoja aje achukue kokoto zake: taa 36, simu zote 15 kokoto 30, kompyuta 20, inveta 36. Zimebaki nane. Mwenye televisheni ya wati 60 anayetaka kuangalia saa nne anahitaji 24. Hapo kelele zitaanza, na wewe nyamaza kidogo. Waache wabishane. Wataanza kuulizana wenyewe kuhusu ile inveta: kwa nini inachukua 36 na haina inachofanya? Waonyeshe kwamba ikiwashwa saa nane tu kwa siku badala ya 24, inachukua 12 na kurudisha 24 duarani. Ndizo hasa alizokuwa akizitafuta mwenye televisheni.

Nimeliona zoezi hili likifanya kazi kwa watu waliosoma na wasiosoma, wazee kwa watoto, kwa sababu mtu akishaziona kokoto zikiisha mbele yake hahitaji kuelezwa wati-saa ni nini. Lirudie mara ya pili kwa kokoto 60, useme leo ni siku ya mvua. Nani anapunguza? Zahanati ingekuwa kwenye mtambo huu, ingepunguza? Majibu watakayokubaliana ndiyo yawe kanuni za matumizi, yaandikwe na kubandikwa mlangoni pa chumba cha betri. Kanuni iliyoletwa na fundi huvunjwa wiki ya pili. Waliyoipigania wenyewe huilinda.

Kisiwa cha Eigg huko Scotland, chenye wakazi wapatao mia moja, kimeishi hivyo tangu mwaka 2008 kilipowasha gridi yake ya jumuiya inayounganisha maporomoko madogo ya maji, upepo na jua. Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, yaani wati 5,000, kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10. Anayezidisha hukatikiwa mpaka waje kumrudishia. Wao wana umeme mwingi kuliko ninyi mara nyingi sana, na bado waliona kwamba bila kikomo kinachomhusu kila mtu mtambo usingedumu.

Nirudi kwenye betri yenu, maana hutaweza kufundisha kwa mtambo usioujua hali yake. Miaka mitatu kwa betri ya risasi inayoshushwa sana kila usiku ni umri mkubwa. Nyingi huishi kati ya mitatu na mitano, tena zikitunzwa. Inapokaa muda mrefu bila kujaa, sulfeti ya risasi hujikusanya kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Joto nalo lina sehemu yake: kwa kila nyuzi 10 zinazozidi joto linalofaa, ambalo ni nyuzi 25 hivi, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu. Kama yenu imekaa kwenye kibanda cha bati kisicho na dirisha, ihamishieni penye kivuli na hewa kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Kuipima si kazi ngumu. Siku ya jua, zimeni mizigo yote, yaani vifaa vyote vinavyotumia umeme, betri ichaji mchana kutwa. Jioni itengeni na mizigo na paneli, ilale hivyo, na alfajiri kabla ya jua mpime kwa malitimita, ile mita ya mafundi ya kupimia volti. Ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 12 iko karibu tupu. Sasa iwasheni kwa taa chache tu na mwangalie. Ikiwa alfajiri ilisoma imejaa, lakini baada ya saa moja ya taa imeporomoka, betri imepoteza uwezo wake na hakuna dawa. Ikiwa hata baada ya siku tatu za jua bila mzigo haifiki 12.6, msiihukumu bado. Huenda haichajiwi: kuna mti umekua ukatupa kivuli, vichwa vya betri vina kutu nyeupe, waya umelegea, fyuzi imekatika, au maji yamepungua ndani ya betri. Yote haya mtu wa kawaida huyaona kwa macho akifundishwa pa kutazama.

Na hapo ndipo swali lako la nani afundishwe linapopata jibu. Kokoto ni za wote. Mita ni ya wachache. Chagueni watu wanne wa kuwa wasimamizi wa mtambo, wawili kati yao wanawake kwa uchache, na kigezo cha kwanza kisiwe elimu bali kiwe kama mtu huyo atakuwepo hapo miaka mitano ijayo. Jumuiya nyingi hutuma mafunzoni kijana mwerevu kuliko wote. Anajifunza haraka, anapata cheti, na cheti hicho kinampeleka mjini. Simlaumu hata kidogo, ana maisha yake. Lakini ujuzi umeondoka naye.

Barefoot College, chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 huko Tilonia, Rajasthan, nchini India, kilijibu tatizo hili kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia: kiliwachukua wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu na wasiojua kusoma, kikawafundisha kwa takriban miezi sita kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Wanafunzi wametoka nchi nyingi na hawana lugha moja, kwa hiyo mafunzo hutumia rangi, ishara, na kurudia kwa mikono. Wanarudi nyumbani na wanabaki nyumbani. Sisemi mwige kila kitu, ila mfano huo unaondoa kabisa hoja kwamba umeme ni wa waliosoma fizikia. Anayeweza kukumbuka kwamba waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, na akawa na subira ya kupima kabla ya kugusa, ana sehemu kubwa ya anachohitaji.

Wasimamizi hao wafundishwe kwenye mtambo wenyewe, kila mmoja kwa mikono yake. Nitakueleza masomo mawili ninayoyathamini kuliko mengine.

La kwanza ni kivuli. Chagueni asubuhi betri ikiwa bado haijajaa, kwa sababu ikijaa kidhibiti hupunguza mkondo chenyewe na hamtaona kitu. Mmoja asimame mbele ya kidhibiti chaji asome ampea kwa sauti. Mwingine, aliye kwenye paneli, afunike seli moja tu kwa kipande cha karatasi ngumu. Moja kati ya seli 36. Aliye chini atashangaa namba inavyoanguka. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, mkondo ule ule unapita katika zote, na seli moja iliyozibwa huzuia wenzake. Diodi, vipande vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zilizomo kwenye kisanduku cha nyuma hupitisha umeme kando, lakini kwa kufanya hivyo hutoa nusu ya paneli kwenye kazi, na nusu iliyobaki haina volti za kutosha kuichaji betri ya volti 12. Tawi moja la mti, kinyesi kikubwa cha ndege, nguzo ya antena: mtu aliyeona zoezi hili hatapita tena chini ya paneli bila kuangalia juu.

La pili ni waya. Chukueni waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita kumi, yaani mita ishirini kwenda na kurudi, na mpitishe ampea kumi. Pimeni volti mwanzoni na mwishoni. Zitapotea kama volti 2.4, na kwa mtambo wa volti 12 hiyo ni sehemu moja kati ya tano ya umeme wenu. Waya wa milimita 4 kwa umbali huo hupoteza chini ya volti moja. Mara nyingi jumuiya hulalamikia taa hafifu kwenye darasa la mwisho, wakanunua paneli ya tatu, na kumbe umeme ulikuwepo, njia ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Mengine ni ya kukumbuka na kuzoea. Kuunganisha: betri kwanza, kisha paneli, mwisho mizigo, kutenganisha ni kinyume chake, mizigo, paneli, betri. Kidhibiti huitambua volti ya mtambo kwa kuiona betri, na vidhibiti vingine huharibika vikiunganishwa na paneli bila betri. Betri ya kuongezwa maji iongezwe maji maalumu ya betri tu, yasiyo na chumvi, na iongezwe baada ya kujaa chaji. Sahani zikiwa zimebaki wazi, wekeni kwanza kiasi cha kuzifunika tu, chajini, ndipo mjazie. Tindikali haiongezwi kamwe. Paneli zifutwe asubuhi na mapema zikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini, kwa sababu maji baridi juu ya kioo chenye moto huweza kukipasua. Zielekezwe upande wa ikweta na ziinamishwe angalau nyuzi 10 ili maji ya mvua na vumbi visituame.

Usalama usiuweke kuwa kipindi cha mwisho ambacho muda ukiisha kinarukwa. Betri ya volti 12 haimpigi mtu shoti, na ndiyo maana watu huidharau, lakini spana ikilala juu ya vichwa vyake viwili hupitisha mamia ya ampea, ikawa nyekundu na kuyeyuka. Pete na saa za chuma zivuliwe. Betri inapochaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo hakuna moto wala sigara chumbani, na dirisha libaki wazi. Miwani ya kinga ivaliwe, na ndoo ya maji safi iwe karibu, maana tindikali ikiruka machoni huoshwa papo hapo kwa maji mengi kabla ya kukimbilia hospitali. Paneli nazo hazina swichi ya kuzimia jua: kukiwa na mwanga zina umeme, na anayefanya kazi juu yake azifunike. Na upande wa inveta unaotoa volti 230, hapo wasimamizi wenu waishie kwenye swichi na fyuzi. Anayefungua inveta ni fundi aliyesomea. Mpaka huo uwekwe wazi siku ya kwanza, bila aibu.

Wakimaliza, usiwape mtihani wa karatasi. Ingia chumbani peke yako, chomoa fyuzi moja, legeza waya mmoja kichwani mwa betri, au funika kona ya paneli, kisha waite mmoja mmoja watafute kasoro. Anayeanza kwa kupima amehitimu. Anayeanza kwa kubadilisha vitu arudie. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache, maana ujuzi usiotumika hupotea, na mtambo unaokwenda vizuri hauwapi nafasi ya kuutumia.

Kazi hii ilipwe. Iwe ndogo, iwe kwa pesa au kwa kuondolewa zamu nyingine za jumuiya, lakini isiwe ya kujitolea milele. Nimeona kamati nyingi zikivunjika kwa sababu hiyo moja, si kwa ugomvi bali kwa uchovu: mtu anaitwa usiku, anapanda paa Jumapili, na hakuna anayekumbuka kusema asante.

Pamoja na hayo kuna daftari, na hapa nitakuomba uwe mkali. Kila asubuhi kabla ya jua msimamizi wa zamu aandike volti za betri. Kila jioni aandike kama betri ilijaa mchana, hali ya mawingu, na saa umeme ulipozimwa. Mistari miwili kwa siku inatosha. Baada ya miezi mitatu mtaona kwa macho matumizi yakipanda au betri ikichoka, miezi mingi kabla umeme haujakatika. Wape wanafunzi wako wakubwa kazi ya kulichora kwa grafu. Hilo ni somo la hisabati na sayansi lenye maana kuliko kuanza na Becquerel, mwanafizikia Mfaransa aliyegundua mwaka 1839 kwamba mwanga huweza kuzalisha umeme, au na seli ya silikoni iliyotangazwa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954 ikigeuza asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Hayo yafundishe pia, watoto huyapenda, hasa wakisikia kwamba paneli za leo hufika asilimia 20 na kuvuka. Lakini yaje baada ya wao kugusa.

Daftari la pili ni la fedha. Betri ya miaka minne ina miezi 48. Gawanyeni bei ya betri mpya kwa 48, na fungu hilo likusanywe kila mwezi kuanzia mwezi ule betri inapofungwa, si mwezi inapokufa. Chanzo chenu kipo tayari: simu zinazochajiwa. Tozeni kidogo kwa kila simu, pesa zishikwe na watu wawili wasio wasimamizi wa mtambo, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Jumuiya iliyopewa kila kitu bure huona ugumu hapa, na ninaelewa. Ila ukweli ni kwamba aliyeleta mtambo hawezi kuahidi kuleta betri ya pili, ya tatu na ya nne.

Uliuliza pia kuhusu nishati jadidifu kwa jumla. Ushauri wangu ni kwamba msifundishe orodha. Tembeeni na watu muangalie mlicho nacho. Kuna kijito kisichokauka chenye mteremko? Maji yanayotiririka usiku na mchana hutoa umeme usiku na mchana, na kwa hilo mtambo mdogo wa maji hushinda paneli. Kuna mifugo inayolala zizini? Kinyesi kinakusanyika, na bayogesi inawezekana. Upepo unahitaji kupimwa kwa miezi kadhaa, tena juu ya miti na mapaa, kwa sababu nguvu yake hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi na kwa kasi tena: kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Upepo unaosumbua mlango wa nyumba yako haumaanishi kwamba utazungusha kinu. Na kupikia, ambako ndiko nishati nyingi ya nyumba inakotumika, msikutegemee mtambo huu wa wati 400. Jiko la umeme la wati 1,000 kwa saa moja lingechukua kokoto 100 kati ya zenu 130. Bayogesi au jiko linalobana kuni vinafaa zaidi, na hivyo navyo ni nishati jadidifu, ingawa havina paneli za kupigia picha.

Kwa mfano wa jinsi elimu hiyo inavyojengwa polepole, watazame watu wa Samsø, kisiwa cha Denmark chenye wakazi karibu elfu nne. Mwaka 1997 kilishinda shindano la serikali la kuwa kisiwa cha nishati jadidifu ndani ya miaka kumi. Aliyelisukuma jambo hilo, Søren Hermansen, alikuwa mzaliwa wa hapo aliyewahi kufundisha masomo ya mazingira, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na majirani kikao baada ya kikao akijibu maswali yao ya kweli: nitapata nini, nani atamiliki, kikiharibika nani atalipa? Wenyeji wakanunua hisa za vinu vya upepo. Ni mwalimu mwenzako, kwa hiyo usidhani kwamba kazi hii ni ya wahandisi peke yao.

Jambo la mwisho ni betri mpya, maana najua kamati itataka kuinunua wiki hii hii. Wazuie kwa wiki tatu. Kwanza pimeni kama nilivyoeleza, zimeni inveta watu wanapolala, kateni matawi, sugueni vichwa vya betri, fanyeni zoezi la kokoto, na mwandike daftari. Huenda mkapata umeme wa saa mbili zaidi kila usiku bila kununua chochote. Ikithibitika kwamba imekufa, msinunue ya pili mkaiunganisha na hii mbovu, kwa sababu ya zamani itaivuta mpya ichakae upesi. Mkichagua risasi tena, msiuze ya zamani kwa mtu anayeivunja nyuma ya nyumba kwa shoka: risasi yake huingia kwenye udongo na kwenye miili ya watoto, na kuharibu ubongo unaokua. Irudisheni kwa anayewauzia mpya au kwa wanaoyeyusha kitaalamu. Mkichagua lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ambayo huvumilia kushushwa hadi asilimia 80 na hudumu mizunguko mingi zaidi ya kuchajiwa na kutumika, hakikisheni kabla ya kulipa kwamba kidhibiti chenu kina mpangilio wa kuichaji. Kama hakina, bei ya kidhibiti kipya iingizwe kwenye ile hesabu ya fungu la kila mwezi, na muda wa kugawanya uwe miaka ambayo muuzaji ameikubali kwa maandishi kwenye dhamana.